Daraja moja, mshahara mmoja: sasa shida iko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kusaga na kufungasha viungo, Vingunguti, Dar es Salaam. Tuko wafanyakazi 140 hivi. Tawi la chama cha wafanyakazi limelalamika kwamba wanawake wanalipwa kidogo, na mkurugenzi ameniagiza nipitie upya madaraja ya kazi. Nimekagua orodha ya mishahara mara tatu. Ndani ya kila daraja mwanamke na mwanamume wanapata kiasi kilekile, hakuna hata shilingi ya tofauti. Mkurugenzi anasema basi, hoja imekwisha. Lakini daraja la pili lote ni kina mama wa kufungasha, na la nne ni madereva wa foklifti na watu wa stoo, wanaume watupu. Je, sheria inanitaka nifanye zaidi ya hapo? Na kama ndiyo, naanzia wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Mkurugenzi wako hajasema uongo. Orodha yake ni safi, ila inajibu swali ambalo chama hakikuuliza. Hakuna anayelalamika kwamba mama wa daraja la pili anapunjwa kuliko baba wa daraja la pili. Huyo baba hayupo. Wanachouliza ni nani aliyeamua kwamba kufungasha kuwe la pili na foklifti iwe la nne, na alipima kwa kipimo gani. Katika viwanda vingi nilivyopita, jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyeamua. Dereva wa kwanza aliajiriwa kwa bei waliyopatana getini, wa pili akalipwa kama wa kwanza, na baada ya miaka kumi akaja mtu wa ofisini akachora mistari juu ya malipo yaliyokuwepo tayari, akayaita madaraja. Mstari ukishachorwa, unapata heshima ya kisayansi ambayo haukuzaliwa nayo.

Kuna kisa cha zamani ambacho watu wa fani yetu hukirudia, nami nitakirudia kwa sababu wengi hukisimulia nusu. Mwaka 1968, katika kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, Uingereza, wanawake 187 waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari waligoma. Gari bila kiti haliuziki, kwa hiyo baada ya wiki chache kiwanda kizima kilikwama. Waziri Barbara Castle akaingilia kati, wakarudi kazini wakilipwa asilimia 92 ya kiwango cha wanaume wa daraja lao, kutoka asilimia 85, na mwaka 1970 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya malipo sawa. Hapo ndipo wengi huishia. Kinachosahauliwa ni kwamba malalamiko ya kwanza ya kina mama wale yalikuwa ya daraja. Tathmini ya kazi iliyofanyika kiwandani ilikuwa imewaweka daraja B, la wenye ujuzi mdogo, ilhali wao walidai C, wakisema mtu asiyejua cherehani hawezi kushona kiti cha gari. Asilimia walizipata ndani ya wiki tatu. Daraja C walilipata mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine. Miaka kumi na sita! Kuongeza pesa ndani ya daraja ni rahisi kuliko kukubali kwamba daraja lenyewe lilipangwa vibaya, na mkurugenzi wako, bila kujua, amesimama palepale waliposimama mabosi wa Dagenham.

Sheria yetu haiishii kwenye daraja. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za dhahiri kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sikiliza maneno hayo: thamani sawa. Hayasemi kazi ileile. Kifungu hichohicho, kinapoeleza sera na taratibu za ajira ambazo ubaguzi umekatazwa ndani yake, kinataja uainishaji wa kazi na upangaji wa madaraja pamoja na mishahara. Kwa hiyo huwezi kujitetea kwa kusema "daraja ndivyo lilivyo", maana daraja nalo limo kwenye mashtaka. Ubaguzi usio wa moja kwa moja umo pia: kanuni inayoonekana haina jinsia, lakini matokeo yake yanawaangukia wanawake. Nyuma ya sheria hii upo Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, na ipo Ibara ya 23 ya Katiba inayozungumzia malipo kulingana na kiasi na sifa za kazi.

Jambo moja la kumwambia mkurugenzi kwa sauti ya chini, mkiwa wawili: shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, na mfanyakazi akaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Ni ninyi mtakaotakiwa kuleta karatasi inayoonyesha foklifti ilifikaje la nne. Karatasi hiyo mnayo?

Sasa unaanzia wapi. Usianze na mishahara. Andika majina ya kazi zote kiwandani, na mbele ya kila kazi idadi ya wanawake na wanaume wanaoifanya. Quebec, Canada, wenye sheria yao ya usawa wa malipo tangu mwaka 1996, huihesabu kazi kuwa ya wanawake pale wanapofika asilimia 60 au zaidi. Tumia kiwango hicho kama huna kingine. Kwako haitakupa shida kwa kufungasha na foklifti, itakusaidia kwenye kazi za katikati: mapokezi, maabara ya ubora, karani wa mauzo, usafi, ulinzi. Hapo pia angalia majina. Nimekuta mahali mwanamke anaitwa "karani wa kumbukumbu" na mwanaume wa dirisha la pili "msimamizi msaidizi wa stoo", na wote wawili wanapokea mzigo, wanajaza leja, wanatoa mzigo. Jina likitofautiana bila kazi kutofautiana, ziweke kazi hizo kapu moja.

Kisha uje kwenye maelezo ya kazi, na hapa naomba ukae sana kuliko unavyopanga kukaa. Sheria inataka kila mfanyakazi awe na maelezo ya kazi kwenye taarifa za maandishi za ajira yake, kwa hiyo kwenye mafaili yatakuwepo. Yatoe yote mawili, ya mfungashaji na ya dereva wa foklifti, uyaweke mezani bega kwa bega. Naweza kubahatisha utakachokuta. La dereva lina ukurasa mmoja na nusu: kuendesha mtambo kwa usalama, kukagua mafuta na breki kabla ya shifti, kupakia na kupakua paleti, kuripoti hitilafu, kutunza leseni. La mfungashaji lina mstari mmoja: "Kufungasha bidhaa na kufanya kazi nyingine atakazopangiwa." Hakuna kipimo duniani, hata kiwe cha haki namna gani, kitakachotoa pointi kwa kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa hiyo vaa koti na barakoa, nenda ukakae kwenye mstari wa kufungasha shifti nzima. Mimi niliwahi kufanya hivyo katika kiwanda kimoja cha aina yenu, siku ya pilipili manga. Mama mmoja alikuwa kwenye mzani. Mkono wa kushoto unafungua pakiti, wa kulia unachota kwa kijiko, jicho liko kwenye namba. Gramu hamsini. Zikizidi anapunguza kwa ncha ya kijiko, zikipungua anaongeza, na baada ya saa moja nikaona haangalii tena kijiko, mkono wenyewe umeshajua. Pakiti inakwenda kwa jirani yake anayeiziba kwenye mashine ya joto. Jirani yule alikuwa na alama za kuungua kwenye kidole cha shahada, tatu, za rangi tofauti, moja mpya. Wa tatu anageuza kila pakiti kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi kama imepigwa ikasomeka, anapanga kwenye katoni, anahesabu bila kutamka. Tageti ilikuwa ubaoni, na supavaiza alipita kila nusu saa na chaki. Wote watatu wamesimama. Mimi nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Wao walikuwa wamejifunga khanga juu ya barakoa na wanaendelea na habari za mchezo wa kikoba. Mchana nikamuuliza yule wa tarehe, ikitokea pakiti elfu moja zimetoka na tarehe iliyofutika inakuwaje? Akasema, "Mzigo unarudi wote kutoka dukani, na mimi narudi nyumbani."

Huo ni wajibu. Haukuandikwa popote kwenye maelezo ya kazi yake.

Siku ya pili nikakaa na dereva wa foklifti, na nisimwonee: kazi ile ni ya hatari. Anarudi nyuma na paleti imemziba nusu ya kioo, watu wanakatiza, akikosea kidogo mguu wa mtu umekwenda. Ana leseni na mafunzo. Lakini pia nilihesabu muda. Kati ya lori na lori alikaa kivulini, mara dakika ishirini, mara arobaini, na hakuna aliyepita na chaki. Silisemi hili kumpunguzia mtu mkate. Nalisema kwa sababu maelezo ya kazi yake yalikuwa yameandika kila kitu kinachompandisha, na ya wale kina mama hayakuandika chochote.

Waulize wenyewe pia, kwa karatasi yenye maswali yaleyale kwa kazi zote, na ujiandae kwa jambo hili: mwanamke atakwambia "mimi nafungasha tu", na mwanaume atakupa hotuba. Hilo "tu" ndilo la kulifuatilia. Nafungasha tu, halafu? Mzani ukiharibika nani anajua? Msichana mpya akija nani anamfundisha? Mara nyingi utagundua kwamba mtu wa daraja la pili amekuwa mkufunzi wa kiwanda kwa miaka minane, bila jina wala senti.

Maelezo yakikamilika, sasa ndiyo kipimo. Kwa kazi hii njia ya pointi ndiyo nzuri, na mihimili yake inajulikana kote: ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Ndani ya kila mhimili unaweka vipengele vidogo. Washauri watakuja na mifumo yenye majina makubwa. Wa Paterson unapanga kazi kwa ukubwa wa maamuzi, kutoka bendi A hadi F. Wa Hay ulijengwa juu ya maarifa, utatuzi wa matatizo na uwajibikaji. Ni mifumo mizuri kwa kupanga mameneja. Kwa swali lako mimi naiona haitoshi, kwa sababu jicho lake liko juu, kwenye maamuzi, wala haioni vizuri saa nane za kusimama, vumbi la pilipili au mteja anayetukana mapokezi. Na wale waliotoka serikalini, waliozoea TGS hii na TGS ile, yaani ngazi za mishahara ya serikali, huwa na tabia ya kupanga kila kitu kwa cheti. Cheti ni njia moja ya kupata ujuzi. Kufundishwa na mama aliyekutangulia ni nyingine.

Vipengele vidogo ndimo haki inamopotelea. Chini ya juhudi, kama utaandika "kunyanyua uzito" peke yake, umeshawapa wanaume ushindi kabla mechi haijaanza. Ongeza kusimama muda mrefu, mwendo uleule wa mikono unaorudiwa maelfu ya mara, umakini wa macho, na kufanya kazi kwa kukimbizwa na tageti. Chini ya wajibu, fedha na mitambo visiwe peke yao. Weka usalama wa mlaji, siri za ofisi, kufundisha wapya, kuhudumia watu. Chini ya ujuzi, wepesi na usahihi wa vidole ni ujuzi kama ulivyo ujuzi wa usukani. Chini ya mazingira, kelele na hatari ya ajali ziende pamoja na vumbi, joto la mashine na kuhudumia watu wenye hasira. Na jihadhari na kuhesabu kitu kimoja mara mbili: "leseni", "mafunzo ya mtambo" na "uzoefu wa mtambo" mara nyingi ni pointi zilezile zimevaa mashati matatu.

Uzito wa kila mhimili upangwe kabla mtu yeyote hajatoa pointi kwa kazi yoyote, kisha karatasi isainiwe ifungwe. Ukiacha uzito ubadilishwe baadaye, utabadilishwa mpaka matokeo yafanane na mishahara ya jana. Kwa mfano, kati ya pointi 1,000, ujuzi 320, wajibu 330, juhudi 220, mazingira 130. Hakuna amri ya mbinguni hapo, ila mgawanyo wa namna hiyo hausumbui macho ya msuluhishi.

Nikupe mfano wa kubuni ili uone inavyokwenda. Namba zako zitakuwa zako. Tuseme dereva wa foklifti kapata ujuzi 170, wajibu 165, juhudi 80, mazingira 70. Jumla 485. Mfungashaji kapata ujuzi 130, wajibu 140, juhudi 140, mazingira 85. Jumla 495. Kama umeamua daraja moja ni pointi 450 hadi 529, hawa wawili wako chumba kimoja. Hiyo pointi kumi ya juu usiipigie ngoma, kipimo chenyewe hakina ukali huo. Cha muhimu ni kwamba kazi mbili zilizokuwa zimepishana madaraja mawili sasa zimekaa pamoja.

Nani atoe pointi? Kamati, na nusu yake wawe wanawake, wakiwemo wanaofanya kazi zenyewe, pamoja na mwakilishi wa tawi la chama. Wanapima kazi, hawampimi anayeifanya. Juhudi za mtu binafsi zina mahali pake kwenye tathmini ya utendaji. Kila mmoja aandike pointi zake peke yake kwanza, ndipo mjadiliane, la sivyo mwenye sauti nene atazitoa kwa niaba ya wote. Na safu ya mishahara ifichwe.

Nalisema hilo la kamati nikiwa na aibu yangu. Miaka ya tisini nilikaa kwenye kamati ya namna hii mahali fulani hapa mjini, wanaume sita, na katibu muhtasi mmoja wa kuandika mihtasari. Tulipofika kwenye kazi ya katibu muhtasi tulitoa pointi kwa kuchapa na kupokea simu, tukataka kusonga mbele. Yule dada akanyanyua kalamu akauliza, "Na mimi ninayejua mishahara yenu wote, na barua za kufukuzwa nazichapa kabla wenyewe hawajajua, kunyamaza kwangu kuna pointi ngapi?" Tulicheka sana, mimi nikiwemo. Kipengele cha siri hakikuwepo kwenye fomu, na hatukukiweka.

Pointi zikishakaa sawa ndipo unafunua mishahara. Na mshahara maana yake ni kila kitu kinachotoka mfukoni mwa mwajiri. Nimeona viwanda ambavyo mshahara wa msingi umefanana vizuri, halafu posho ya usafiri, ya simu na ya "mazingira magumu" zikawa zinafuata kazi za wanaume peke yake. Ziandike moja moja. Waingereza walishafika mbali kwenye hili: mpishi wa kantini katika yadi ya meli ya Cammell Laird, Julie Hayward, alilinganishwa na mpaka rangi, seremala na fundi wa kuzuia joto, akashinda. Mwajiri akajitetea kwamba mpishi anakula bure na likizo yake ya ugonjwa ni nzuri, kwa hiyo ukijumlisha vyote hajapunjwa. Mwaka 1988 mabwana wa sheria wa House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, wakakataa: kila kipengele cha mkataba kinalinganishwa chenyewe. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini mantiki yake inamfaa mtu anayetaka kujikagua kabla hajakaguliwa.

Mkurugenzi akikwambia tofauti ni ndogo, mfanyie hesabu hii mbele yake. Tuseme mfungashaji ana mshahara wa msingi sh. 380,000 na dereva sh. 520,000. Pengo ni 140,000 kwa mwezi, hilo kila mtu analiona. Sasa gawa kwa saa: wiki ya saa 45 mara 4.333 ni saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo mfungashaji ana sh. 1,949 kwa saa, dereva 2,667. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Wakifanya saa kumi za ziada mwezi uleule, kwa malori yaleyale, mmoja anapata kama sh. 29,200, mwenzake 40,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa hiyo kila mwezi akiba ya uzeeni ya mfungashaji inapungukiwa sh. 28,000 ukilinganisha. Mwajiri akiivunja ajira bila kosa la mfanyakazi, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Kwa wiki ya siku sita za kazi, aliyefanya miaka kumi daraja la pili anaondoka na pungufu ya karibu sh. 377,000. Daraja limemfuata mpaka nje ya geti.

Si kila tofauti ni ubaguzi, na usiruhusu chama kikusukume huko. Miaka ya utumishi, kama inahesabiwa kwa wote kwa kanuni ileile, ni sababu. Utendaji uliopimwa kwa fomu inayoeleweka ni sababu. Uhaba wa watu sokoni nao ni sababu, ila uombe ushahidi: kama fundi umeme alitafutwa miezi minne na wawili waliopatikana walikataa, hiyo ni karatasi. Kama ni "madereva ni wagumu kupatikana" na getini kila Jumatatu wamejipanga kumi na leseni mkononi, hiyo ni hadithi. Ile ya kwamba mwanaume ana familia ya kulisha usiijibu hata. Sheria imetaja hali ya ndoa na majukumu ya familia miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, na nusu ya kina mama wa mstari wako ndio wanaolisha nyumba.

Kuhusu pesa. Njia ya kusawazisha ni kupandisha waliopunjwa. Usimshushe dereva, kwa sababu huwezi kubadilisha masharti yake upande mmoja na kwa sababu ukifanya hivyo utakuwa umewageuza kina mama kuwa maadui wa stoo nzima. Kama kuna kazi iliyotoka na pointi pungufu kuliko mshahara wake, anayeifanya abaki na mshahara wake, na atakayeajiriwa baadaye aanze kwa kiwango kipya. Kama fungu halitoshi kwa mwaka mmoja, gawanyeni kwa awamu mbili au tatu, kwa maandishi, mkikubaliana na chama, na wale wenye pengo kubwa zaidi watangulie. Mkurugenzi akisema ni ghali, mtajie jiji la Birmingham. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wanawake waliokuwa wameshaacha kazi katika halmashauri ile wanaweza bado kudai malipo sawa kwenye mahakama za kawaida. Mwaka 2023 halmashauri yenyewe ikatangaza kwamba haina uwezo wa kifedha wa kuendelea kama kawaida, madai ya malipo sawa yakiwa sababu kubwa mojawapo, kwa makadirio ya pauni milioni 650 hadi 760. Wapishi, wafagizi, walezi wa wazee. Kiwanda chenu ni kidogo, lakini deni la namna hii hukua kimyakimya kwa wakubwa na wadogo.

Kuna jambo moja hukulitaja kwenye swali lako, nami nalihofia. Wafanyakazi 140 uliosema, ni wote? Viwanda vingi vya eneo lenu vina kundi la tatu ambalo haliko kwenye orodha yoyote: kina mama wanaoitwa getini asubuhi wakati oda ya mfungo wa Ramadhani au ya Krismasi ni kubwa, wanalipwa kwa siku au kwa katoni, wengine kupitia wakala. Wanakaa kwenye mzani uleule. Ukifanya tathmini nzuri ya madaraja halafu ukawaacha nje, kitakachotokea nakijua, nimekiona: kazi ya kufungasha itapandishwa kwenye karatasi hadi daraja la nne, na ndani ya mwaka mmoja hakutakuwa na mfungashaji hata mmoja mwenye ajira, wote watakuwa wa wakala. Kwa hiyo waandike sasa hivi, kabla ya kikao cha kwanza cha kamati: idadi yao, siku wanazofanya kwa mwezi, wanacholipwa. Mwakilishi wa chama apewe nakala.

Na ukiwa kwenye hilo, angalia kama kiwanda kimesajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa wa fursa na kuondoa ubaguzi. Kifungu cha 7 kinaudai, na waajiri wengi huukumbuka siku ya ukaguzi.

Miezi mitatu inatosha kwa kiwanda cha ukubwa wenu kama hutaharakisha hatua ya maelezo ya kazi. Wengi huipa wiki moja, mimi ningeipa sita. Ukimaliza yale mawili, la mfungashaji na la dereva, nitumie. Futa majina, mishahara usiiweke. Nitatoa pointi zangu bila kuona za kamati yenu, kisha tuzilinganishe, na pale zitakapopishana sana tutajua ni kipengele gani bado hakijaandikwa vizuri.